Lori Zito Mbele ya Reli

Mwaka wa 1981 nilikuwa na miaka kumi na tano, na ndio mwaka shida ilipoingia kwetu bila kubisha hodi. Baba yangu, aliyekuwa mpakiaji wa magunia, aliangukiwa na mzigo mgongoni na hakufanya kazi tena. Nikatoka shule darasa la nne. Nasema hivyo mapema ili anayesoma haya akitafuta makosa ya kuandika ayapate, ayaweke mfukoni, tuendelee.

Vijana mnaoendesha lori zangu mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Mshahara sitaandika. Cheo sitaandika, maana hakuna aliyenipa. Nitaandika juu ya kitu kimoja tu: lori linavyoondoka pale liliposimama. Nyinyi mkikutana mnaulizana gari hii inakimbia kiasi gani. Hilo ni swali la mtoto. Uliza inachukua muda gani kuamka. Mimi jambo hilo limenitia wasiwasi tangu ujana, na hata sasa, nikiwa nimestaafu na kukaa barazani, nikisikia lori linang'oka na mzigo kule barabarani naacha chai nisikilize kama litachanganya mwendo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mkokoteni pale soko la Kibuye, Kisumu. Siku ya kwanza nilipakiwa magunia mawili ya viazi, nikasukuma, ukaondoka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nikajiona mwanaume. Safari ya pili wakaniwekea sita. Nikasukuma. Mkokoteni ukanitazama tu. Nikaweka kifua, nikachimba vidole vya miguu kwenye udongo hadi macho yakataka kutoka, ndipo ukaanza kusogea polepole kama mgonjwa anayeamshwa. Misuli ilikuwa ile ile. Njia ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mzigo. Somo hilo sikulisoma kwa kitabu, nililisoma kwa kiuno.

Hofu nayo ilianzia hapo hapo, kwenye kuvuka barabara kubwa. Mabasi ya Kakamega yalikuwa yanashuka bila huruma. Ukiwa na mkokoteni mtupu, nafasi ndogo kati ya basi na basi inakutosha, unavuka ukipiga mluzi. Ukiwa umejaza, nafasi ile ile inakuua, kwa sababu basi linakuja kwa mwendo wake na wewe bado unauamsha mkokoteni. Niliona wenzangu wakipima basi kwa macho. Hakuna aliyepima mkokoteni wake. Mimi nilisimama pale na jasho la mikono, nikasubiri nafasi kubwa hata kama wenye viazi walinitukana.

Siku moja dereva mmoja alikuwa ameegesha lori la miwa karibu na hapo, anakula mahindi ya kuchoma. Alikuwa Mluhya wa kutoka Bungoma, mfupi, kofia ya sufu hata kwenye jua. Jina lake Barasa. Akaniita kwa kidole.

"Wewe kijana! Mbona umesimama hapo kama umepandwa? Nafasi zimepita mbili."

"Zilikuwa nafasi za mkokoteni mtupu, Mzee. Huu umejaa."

Akaacha kutafuna. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Mkokoteni."

Hakucheka. Akanitazama tu, akatupa gunzi. "Kesho asubuhi uje hapa. Utingo wangu ameoa, siku hizi anapanda gari akiwa amelala."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye lori. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

Tulikuwa tunatoa miwa kwenye mashamba ya watu binafsi na kuipeleka kiwandani. Njia za mashambani, matope ya udongo mweusi, kisha lami kidogo, kisha matope tena. Lori lilikuwa zee, na Barasa aliliongelesha kama mke wa kwanza, kwa heshima na kwa malalamiko. Alinifundisha kufunga mnyororo, kusikiliza akseli, kunusa klachi inayoungua. Lakini kitu chake kikubwa kilikuwa nguzo mbili za simu.

Kila tulipomaliza kupakia, hata tukiwa na haraka ya namna gani, Barasa alisimamisha lori kabisa penye nguzo moja, halafu akaliondoa huku akiimba polepole wimbo wa kanisani kwao, hadi nguzo iliyofuata. Lori tupu lilifika kabla ubeti wa kwanza kuisha. Likiwa na mzigo wa kawaida, ubeti uliisha na kiitikio juu. Miwa ikiwa imenyeshewa, tuliingia ubeti wa pili. Injini ile ile, gia zile zile, mguu ule ule wa Barasa. Kilichorefusha wimbo ni uzito.

"Kwa nini usiangalie tu miwa imefika wapi kwa juu?" nilimwuliza.

"Miwa iliyonyeshewa inadanganya macho. Inaonekana fungu moja, kumbe imebeba na mto ndani yake."

Mwanzoni niliona ni mambo ya wazee. Halafu siku moja jua linawaka, mzigo mdogo, wimbo ukaenda ubeti wa pili na nusu. Nikasema labda tumepakia kuliko tunavyojua. Barasa akasimamisha, akafungua boneti, akakuta chujio la hewa limejaa vumbi kama kiota cha ndege. Injini ilikuwa inakosa pumzi. Akalikung'uta kwenye gurudumu na kuniambia maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema:

"Lori likichelewa kuamka, ni mawili tu. Ama mzigo umeongezeka, ama nguvu imepungua. Wimbo utakuambia limechelewa. Hautakuambia ni lipi kati ya hayo."

"Sasa nitajuaje, Mzee?"

"Pengine hutajua ukiwa njiani. Lakini mzigo unaweza kuushusha popote. Nguvu huwezi kuichuma kwenye mti. Kwa hivyo, ukiwa na wasiwasi, shusha."

Nilikuwa na wasiwasi tayari. Mwaka wa 1986 ukazidi.

Upande wa Muhoroni kulikuwa na mahali njia ya miwa inakatiza reli. Hakuna kizuizi, hakuna mlinzi, miwa imesimama pande zote mbili hadi karibu na vyuma. Reli ilikuwa juu kwenye tuta, kwa hiyo lazima usimame chini, usikilize, halafu uondoke ukipanda. Yaani pale pale ambapo lori ni zito kuamka ndipo unapotakiwa kuamka haraka. Aliyetengeneza njia ile hakuwa na lori.

Asubuhi moja tulifika pale tukakuta watu wamejaa. Trekta lenye matela mawili ya miwa lilikuwa limegongwa na treni. Tela la nyuma lilikuwa limetupwa kama ganda la ndizi. Dereva wake tulimjua, alikuwa mtu wa utani, alinipa sigara yangu ya kwanza. Alikuwa amefunikwa shuka. Watu walisema hakusimama kuangalia. Si kweli, mwenzake aliyeruka alituambia walisimama, wakaona treni ikiwa mbali, wakasema kuna nafasi. Na nafasi ilikuwepo. Ilikuwa nafasi ya trekta tupu, ile aliyoizoea kila alipokuwa anarudi kutoka kiwandani. Siku ile alikuwa anaenda, si kurudi.

Barasa alivua kofia. Njia nzima hakuimba. Mimi tangu siku ile sijawahi kukaribia reli bila ulimi kukauka.

Nilipata leseni, na siku ya kwanza kuendesha peke yangu Barasa alikaa kiti cha utingo akajifanya amelala. Nilipoanza kuondoka kwenye nguzo bila kuimba, akasema, macho yamefumbwa, "Umekuwa bubu?" Nikaimba. Sauti yangu ni mbaya, kanisani walinihamisha kutoka kwaya hadi kupanga viti, lakini kwa lori inatosha. Baada ya miaka michache akarudi kwao Bungoma kulima. Aliniachia spana zake, na wimbo.

Nilifanya pia ufundi kidogo, maana dereva asiyejua injini ni abiria aliyekaa kulia. Nakumbuka Mama Pilista, mwenye kinu cha kusaga pale Katito. Alileta pikapu yake akilia kwamba imekuwa mvivu, haipandi tena, na mafundi wawili wameshafungua pampu na kufunga. Nikaizunguka. Alikuwa ameitengenezea bodi ya vyuma vinene, ngao mbele, ngazi nyuma, na juu akaweka kibanda cha mabati cha kuzuia mvua.

"Mama, injini haiumwi," nikamwambia. "Umeivalisha koti la chuma, kisha unaishangaa haikimbii."

"Lakini imependeza!"

"Imependeza sana. Sasa chagua, ipendeze au ipande."

Akanung'unika hadi jioni, lakini alituacha tuvifungue vile vyuma. Ikapanda. Ngao alikataa kuitoa, akaifunga kwenye mlango wa kinu.

Mwaka wa 1992 nikawa na lori langu mwenyewe. Lilikuwa limechoka, lakini lilikuwa langu. Kufikia hapo nilikuwa nimemwoa Akinyi, binti ya mzee mmoja wa upande wa juu wa Muhoroni, ng'ambo ya ile reli. Ndiyo, ile ile. Mtu hachagui mke kwa kuangalia reli.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Mwaka wa 1994 baba mkwe wangu alifariki hospitalini Kisumu. Ikaamuliwa mwili usafirishwe kwa lori langu, na nani mwingine angepeleka kama mkwe ana lori? Nikaliosha. Vijana wakafunga matawi mabichi mbele. Jeneza likawekwa karibu na kichwa cha lori, na mama mkwe akaketi kando yake juu ya mkeka, akiwa amempakata Awino, binti yetu mdogo. Akinyi akakaa nami mbele. Juu ya kichwa cha lori akapanda shemeji yangu Odhiambo, muuza samaki wa Dunga, mtu ambaye sauti yake haihitaji simu.

Tulipotoka mjini nilipima kwenye nguzo. Ubeti na kiitikio. Vizuri.

Lakini kwetu mtu anayekwenda matangani hakatazwi gari. Ukimkataza, watu husema umemkataza marehemu. Na ukiwa mkwe, ndio kabisa, maana mkwe kwa wakwe zake anaingia kichwa chini, hachagui chakula na hapandishi sauti. Mama mkwe hasemeshwi ovyo, hata kumkazia macho ni kosa. Kwa hiyo Ahero wakapanda kwaya na ngoma zao. Nikanyamaza. Mbele kidogo wakapanda jamaa wa upande wa bibi yake marehemu. Nikanyamaza. Awasi wakapanda akina mama na magunia ya unga, masufuria makubwa, viti, na hema lenye vyuma vyake. Nilitazama springi za nyuma, zilikuwa zimelala kama ng'ombe.

"Akinyi," nikasema, "watu wamekuwa wengi."

"Baba alikuwa anapendwa," akajibu, na kujifuta machozi. Nikatia gia.

Baada ya Awasi nikasimama penye nguzo, nikaondoka, nikaimba ndani ya meno. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili. Wa tatu, na nguzo bado iko mbele inanicheka. Nyuma moshi mweusi ulikuwa umefunika barabara. Odhiambo akagonga bati juu ya kichwa changu.

"Ora!" Ndivyo kwa Kijaluo tunavyomwita mkwe au shemeji. "Kanyaga hiyo kitu! Mzee hakuwahi kuchelewa akiwa hai!"

Watu wakacheka, matangani watu hucheka pia. Mimi mikono ilikuwa imelowa hadi usukani unateleza. Nikajiuliza lile swali la Barasa. Ni mzigo, au ni nguvu? Watu walioongezeka niliwaona. Lakini ubeti wa tatu mzima? Hapo kulikuwa na kitu kingine, labda dizeli chafu, labda pampu. Sikuweza kujua na sikuweza kufungua injini mbele ya jeneza na kwaya. Na kila nguzo iliyopita ilikuwa inatuleta karibu na reli.

Tukaacha lami, tukaingia njia ya miwa. Miwa ilikuwa mirefu mwaka ule. Tuta likaonekana. Nikasimamisha lori chini yake, mbali kidogo, nikavuta breki ya mkono, nikazima ngoma kwa kupiga honi.

Nataka muelewe nilikuwa wapi. Nikipanda na wote wale, lori lingetambaa juu ya vyuma kwa muda wa wimbo mzima, na kwenye miwa ile treni huioni hadi imekufikia. Mke wangu mle ndani, mtoto wangu, mama mkwe, ukoo mzima. Nikiwaambia washuke, nimewafukuza waombolezaji kwenye gari la marehemu, mimi mkwe, na wa kwanza kushuka lazima awe mama mkwe mwenyewe, maana akibaki yeye hakuna atakayeshuka. Wanaume wamerudishiwa mahari kwa makosa madogo kuliko hayo. Na huenda treni isingekuja hata siku nzima, nikabaki mpumbavu.

"Akinyi, mwambie mama ashuke. Na mtoto. Na wote. Wavuke kwa miguu."

Akanigeukia polepole. "Baba Awino. Nimwambie mama yangu ashuke kwenye gari la mume wake?"

"Lori haliamki. Unajua nikisema hivyo ninasema nini."

"Utaenda kulala wapi leo ukishasema hivyo?"

"Sijui. Mwambie."

Alishuka, akazunguka nyuma. Nikasikia anasema kwa Kijaluo, sauti chini. Kisha kelele kama soko limeungua.

"Ati nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Odhiambo. "Ora, gari yako ni mgonjwa au wewe ndiyo mgonjwa? Tumetoka Kisumu tumekaa, ukifika kwetu ndiyo unatuona wazito?"

"Kisumu mlikuwa wachache," nikajibu nikiwa nimeshika mlango.

"Treni iko wapi? Nionyeshe treni!"

"Nikikuonyesha tutakuwa tumechelewa."

Mzee mmoja akasema mkwe hana adabu. Mama mmoja akaanza kulia upya akimwita marehemu aje aone. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kisha kelele ikapungua, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameinua mkono. Hakusema nami. Alimwambia Akinyi, lakini kwa sauti ya kunifikia.

"Muulize. Na mzee wangu naye anashushwa?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kumshusha marehemu kando ya njia, kwenye miwa, kabla hajafika kwake, hilo lisingesameheka kabisa.

"Mwambie mama," nikasema, "mzee anabaki. Mimi na yeye tutavuka pamoja, wawili tu."

Halafu mama mkwe akamkabidhi mtu Awino, akafunga kanga yake vizuri, akanyoosha mguu kutafuta ngazi.

"Kama yeye mwenyewe anabaki na mume wangu ndani," akasema, "mimi natembea."

Alipogusa chini, walishuka wote. Kwaya, ngoma, unga, masufuria. Odhiambo alikuwa wa mwisho.

"Nitatembea," akasema, "lakini nitaongea."

"Ongea. Na kwa vile mdomo wako unasikika hadi Koru, simama pale juu relini. Ukiona kitu, au ukisikia, piga kelele."

Wakavuka na mizigo yao vichwani, mstari mrefu. Nikawaona wakitoweka ng'ambo ya tuta, mama mkwe mbele, bila kugeuka. Odhiambo akasimama katikati ya vyuma, akatazama huku na huku, akapunga shati.

Gia ya kwanza. Niliachia klachi taratibu. Lori lilikuwa jepesi sasa, lilitakiwa kuruka. Halikuruka. Likaanza kupanda likikohoa, na hapo nikajua kwa hakika kwamba halikuwa jambo la mzigo peke yake. Nguvu nayo ilikuwa imekwenda. Magurudumu ya mbele yakapanda vyuma, yakashuka. Nikasikia jeneza likigonga mbao nyuma yangu, nikasema, "Pole, Mzee." Magurudumu ya nyuma yakafika kwenye chuma cha kwanza, yakaruka, na injini ikavuta pumzi mara moja kama mtu anayetaka kupiga chafya, ikazima.

Lori limekaa reli katikati ya tumbo lake. Nikapiga stata. Ikazunguka bure. Nikapiga tena. Bure.

"Ora!" Odhiambo hakuwa anatania tena. "Ora, toka!"

Sikutoka. Nilikuwa nimemwambia mama mkwe tutavuka wawili. Nikaweka gia huru, nikaachia breki, nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga kabla wala baada: "Sukumeni!"

Walikuja wakikimbia kurudi juu ya tuta. Vijana wa kwaya, akina mama na kanga zao, yule mzee aliyesema sina adabu. Kwenye kioo cha pembeni nikaona mikono imejaa kwenye bodi kama siafu. Na katikati yao nikamwona mama mkwe, ameweka bega lake kwenye lori la mkwe wake, kitu ambacho kwetu hakifanyiki. Odhiambo akahesabu moja, mbili. Lori likatazama tu, kama ule mkokoteni wa Kibuye. Tena. Likatikisika. Tena. Likaamka. Gurudumu likapanda chuma cha pili, likaning'inia hapo juu muda ambao sitaki kuukumbuka, kisha likaanguka ng'ambo, na mteremko ukalichukua. Nikalisimamisha chini, vijana wakaweka mawe.

Fikirini, nyinyi mnaosoma. Kama wangekuwa wamekaa ndani, nani angesukuma? Watu wale wale waliokuwa mzigo ndio waliokuwa injini. Sijawahi kusikia mtu akiniambia hivyo, nililiona mwenyewe siku ile kwenye kioo cha pembeni.

Nilifungua chujio la dizeli, nikakuta maji na uchafu kama chai ya maziwa. Nikalisafisha, nikatoa hewa kwenye mirija. Treni ilipita wakati nafunga nati ya mwisho. Ilikuwa ya mizigo, ndefu, haina haraka. Tulikuwa tumekwisha kupumzika, wengine wamekaa kwenye nyasi. Wote waliitazama hadi behewa la mwisho lilipopotea kwenye miwa. Hata Odhiambo.

Kisha mama mkwe akaja hadi niliposimama. Akasema nami mwenyewe, si kwa kupitia Akinyi.

"Ora. Sasa tupande?"

"Bado, Mama," nikasema, macho chini. "Nipime kwanza."

Nikaenda peke yangu na marehemu hadi palipokuwa na nguzo, nikaimba, nikarudi. Ubeti mmoja tu. Hata hivyo niliwapeleka kwa safari mbili, jeneza na familia kwanza. Odhiambo alibaki na masufuria akisubiri ya pili. Alisema ni adhabu. Nilimwambia ni uzito.

Usidhani nilisifiwa. Matangani pale jina langu likawa mkwe aliyeshusha watu, na bado kuna wazee wananiita hivyo. Lakini tangu mwaka ule, kila nilipompeleka mama mkwe sokoni au kanisani, tukikaribia ile reli alikuwa anafungua mlango mwenyewe. Anashuka, anavuka kwa miguu na mkoba wake, anasimama ng'ambo kunisubiri. Hata nikiwa na gari dogo, tupu, injini mpya. Nilimwambia hakuna haja. Akasema, "Na ukikwama, nani atasukuma?"

Alifariki mwaka wa 1999. Kufikia hapo nilikuwa na lori jingine, lenye nguvu, lingepanda tuta lile na ukoo wote juu na lisikohoe. Jeneza lake likawekwa karibu na kichwa cha lori, kama la mzee. Watu wakapanda Ahero, wakapanda Awasi, nikapima kila mara na wimbo ulikuwa sawa kabisa. Tukafika chini ya tuta. Nilisimama tu kusikiliza, kama kawaida, ulimi mkavu kama kawaida.

Nikahisi lori linainuka. Springi zilikuwa zinapumua. Nikatazama kioo: walikuwa wanashuka. Kwaya, akina mama, wazee wanaoshikwa mkono. Hakuna aliyewaambia. Akinyi, aliyekuwa kando yangu, akafungua mlango naye akashuka. Odhiambo akapanda relini bila kuagizwa, akavua shati, akatazama huku na huku.

Tukavuka, mimi na mama mkwe, wawili tu. Ng'ambo walikuwa wamesimama pande zote mbili za njia, mikono tayari.

Leo nina nyumba ya matofali huko Nyakach. Nina kipande cha shamba na ng'ombe wanne. Nina lori mbili, ambazo nyinyi mnaziendesha, na nyimbo zenu nazisikia, zina haraka sana, hazifai kupimia. Nina spana za Barasa, moja imepotea. Nina mke mmoja, yule yule. Na nina mkokoteni, nilionunua uzeeni bila sababu nzuri. Siku za soko naupakia ndizi na kuusukuma mwenyewe hadi barabarani, na hapo nasimama, nasubiri, hata kama nafasi zimepita mbili.